Mtoto wa Kuombwa

Kwetu Mamba, juu milimani Upareni, mtoto huombwa. Sijui kama vijana wa leo bado wanafanya hivyo, lakini kwa watu wa rika langu hakuna nyumba ambayo haikuwahi kutoa mtoto au kupokea. Bibi akibaki peke yake, macho yakianza kumsumbua, hutuma ujumbe kwa mwanawe: niletee mtoto wa kunichotea maji. Hakuna anayeuliza ni kwa muda gani. Mtoto hufungasha nguo zake, huambiwa asiende kuwa mvivu kwa watu, huenda. Mimi mwenyewe niliombwa na bibi mzaa mama nikiwa bado napoteza meno ya utoto, nikakaa kwake ng'ambo ya bonde mpaka nilipokaribia kumaliza shule ya msingi. Nilikula vizuri. Jioni nikipeleka mbuzi juu niliuona moshi wa jiko la mama yangu, na sikuwahi kufikiri kwamba nimetolewa.

Nayasema haya kwanza kwa sababu nikieleza tu nilichofanya, msomaji wa mjini atadhani nilikuwa nimemchoka yule mtoto. Sikumchoka.

Alikuja kwetu kabla hajaanza shule. Mama yake alifariki katika chumba cha kupanga huko Same mjini, na wapangaji wenzake hawakujua ndugu zake wala alikotoka. Walijua tu kwamba alikuwa anafua nguo za watu. Baba hakutajwa. Watu wa ustawi wa jamii wakawa wanatafuta familia, na tangazo lao likasomwa kanisani kwetu baada ya ibada, katikati ya habari za bati za nyumba ya mwinjilisti na mkutano wa kikundi cha tangawizi. Mke wangu alisimama kabla msomaji hajamaliza. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanaume. Nikaona watu wanageuka kunitazama, nikasimama pia.

Watoto wetu wa kuzaa walikuwa wameshaondoka wote. Nyumba ilikuwa na nafasi. Ofisa ustawi alipanda mlima na bodaboda kuja kutukagua, akatazama chumba, akatazama choo, akaenda kuuliza majirani kama mimi ni mlevi. Majirani walimjibu kwamba nilikuwa mlevi zamani. Hilo ni kweli. Kisha tukaitwa Same ofisini kusomewa masharti.

Serikalini wanaita malezi ya kambo. Maana yake, kama tulivyoelezwa, mtoto yuko chini ya uangalizi wa serikali, ninyi mnamlea, na siku ndugu zake wakipatikana anaweza kurudishwa kwao. Yule ofisa alikuwa dada mdogo tu, rika la kitinda mimba wetu, lakini alisoma polepole kama mtu anayesoma neno kanisani. Mtoto awe na kitanda chake. Asipigwe. Aende shule, na kazi za nyumbani zisimzuie kusoma. Akiugua apelekwe hospitali na ofisi iambiwe. Jina lake lisibadilishwe. Akiuliza habari za mama yake aambiwe ukweli, kwa kadiri ya umri wake. Ofisa atakuja kumtazama, kwa taarifa au bila taarifa. Na asipelekwe kuishi kwa mtu mwingine pasipo ofisi kuruhusu.

Hapo aliinua macho kwenye karatasi akanitazama mimi, si mke wangu.

"Hata kwa ndugu, mzee."

Nikasema nimeelewa. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nimekuwa karani wa ushirika miaka mingi, karatasi hazinitishi. Nilidhani anazungumzia watu wanaopeleka mabinti Dar kufanya kazi za ndani. Sisi hatukuwa watu wa namna hiyo. Nikatia sahihi.

Masharti mengine tuliyashika bila kuyafikiria, kwa sababu ndivyo tungefanya hata tusiposomewa. La kupiga nililivunja mara moja, kwa ajili ya chupa ya chai iliyovunjika. Mke wangu alininyang'anya ile fimbo akaiingiza motoni mbele yangu, na jioni tukala makande yaliyoivia juu yake. Sikumpiga mtoto tena.

Habari za mama yake aliuliza mara kadhaa, kila mara tukiwa tunafanya kazi, mikono ikiwa na shughuli. Nilimwambia alikuwa mfuaji mzuri.

"Nani alisema?"

"Wapangaji wenzake."

"Walimpenda?"

"Walisema alikuwa msafi sana."

Aliridhika na hilo. Nadhani aliridhika. Alikuwa mtoto wa kusema kidogo, anayeshika kitu upesi. Kipare alikijua kabla hata mvua za kwanza hazijaisha. Alijua kuchagua tangawizi ya mbegu, kukata ile yenye macho mazuri na kuitenga na ya kuuza. Kikundi chetu kikikutana alikaa juu ya gunia karibu nami akichora chini kwa kidole, na wenzangu walikuwa wakimwita katibu.

Dada yangu mkubwa anaishi Lembeni, kando ya barabara kuu. Aliolewa huko, mume akafia huko, watoto wakaenda Arusha na Dar. Miguu yake ilianza kuvimba. Yeye ndiye aliyewahi kumwomba binti yangu wa kwanza, akamlea vizuri, akamrudisha kwetu akiwa anajua kusuka na kushona. Krismasi moja alipanda mlimani kama wanavyofanya Wapare wote wakati huo, akakaa kwetu wiki nzima.

Siku ya kuondoka kwake ilipokaribia tulikuwa jikoni, asubuhi. Mtoto alikuwa anamimina chai.

"Kaka," dada yangu akasema, "huyu mtoto anapika chai kuliko mkeo."

"Wifi usinichokoze, bado hujapanda gari," mke wangu akajibu.

"Nasema kweli. Mimi kule nachota maji mwenyewe kama mfungwa. Nikifika bombani vijana wanasema, bibi tukusaidie, halafu wanataka soda." Akacheka. Kisha akaweka kikombe chini. "Nipeni huyu."

Mke wangu alikuwa anapuliza moto. Aliacha kupuliza.

"Huyu ana ofisa wake, wifi. Mpaka tumwulize."

"Ofisa? Nilipomchukua yule wenu mkubwa nilimwuliza ofisa gani?"

"Yule tulimzaa."

"Ahaa." Dada yangu akanigeukia. Yeye akikasirika sauti yake hushuka. "Basi kaka niambie tu kwamba huyu si wa humu ndani. Ni wa serikali, mnamtunza tu. Nitaenda kumwomba serikalini. Nilidhani naomba kwa kaka yangu."

Mtoto alikuwa amesimama na birika mkononi. Alikuwa ameacha kumimina. Hakumtazama dada wala mke wangu, alinitazama mimi. Nikaona kwamba nikikataa, nitakuwa nimemwambia mbele ya watu kwamba yeye si wetu. Mtoto wa nyumbani huombwa, na akiombwa na shangazi hutolewa. Mgeni ndiye asiyeombwa. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilifikiri upesi, nikajiona nafanya jambo jema.

"Ni wa humu," nikasema. "Mchukue."

Dada yangu akapiga vigelegele vidogo vya kujichekesha. Mtoto akamalizia kumimina chai, akampa kila mtu, akatoka.

Kesho yake mke wangu aliniambia nimpigie simu yule ofisa, namba ilikuwa kwenye simu yangu. Nikasema mtandao unasumbua. Ulikuwa unasumbua kweli asubuhi ile, lakini mchana ulirudi, na siku zilizofuata ulikuwepo, nikapiga simu kwa watu wengine habari za mbolea. Niliona aibu. Mtu mzima kama mimi niombe ruhusa kwa binti wa ofisini ili nimpe dada yangu mtoto wa kumchotea maji. Mke wangu alirudia mara ya pili. Mara ya tatu hakurudia.

Niliona jambo moja siku ile ya kuondoka ambalo sikulielewa. Watoto wetu walipoombwa waliacha vitu vyao kila mahali: kiatu, manati, daftari chini ya godoro. Wakirudi Jumamosi kusalimia walivitafuta na kugombana. Huyu alifungasha kila kitu. Alibandua ukutani picha ya ng'ombe aliyoikata kwenye kalenda ya zamani. Alichukua kipande chake cha sabuni kikiwa bado kimelowa, akakifunga kwenye mfuko wa nailoni. Alifagia chumba. Nikasema moyoni, huyu mtoto ni nadhifu kama mama yake.

Tulishuka wote watatu kwenda kituoni, dada yangu akitembea kwa shida mbele. Mtoto akaniuliza, "Babu, kule nitakaa mpaka lini?"

"Mpaka bibi yako huyu apate nafuu ya miguu."

"Akipata nafuu?"

"Utarudi."

"Hapa?"

"Hapa. Wapi tena?"

Aliitikia kwa kichwa. Gari likaja, likajaa, likashuka. Mke wangu hakuja kituoni. Nilimkuta shambani analima, na jembe lilikuwa linagonga mawe.

Sikuenda kumwona muhula mzima. Kulikuwa na kazi, kisha kulikuwa na mvua, barabara ya chini ikakatika. Nilimpigia dada, akasema hajambo, anasoma, ameandikishwa shule ya pale kama mjukuu wake. Nikiomba kuzungumza naye alikuja kwenye simu, akasema shikamoo, nikasema marahaba, nikamwuliza kama anakula, akasema anakula.

Ofisa alikuja bila taarifa tukiwa tunaosha tangawizi. Alishuka kwenye bodaboda akiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mzee, shikamoo bibi. Katibu wangu yuko wapi? Najua leo si siku ya shule."

"Marahaba. Yuko kwa shangazi yangu," nikasema. Nilikosea kusema, nikarekebisha. "Kwa dada yangu."

"Ameenda kutembea?"

"Anakaa huko. Lembeni."

Alisimama akiwa ameshika kofia yake ya pikipiki. "Tangu lini?"

"Tangu Januari."

"Mzee." Alitafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye ukingo wa karo la kuoshea. "Lembeni ni wilaya nyingine. Mimi naandika kila mara kwamba mtoto yuko Mamba, yuko salama, kumbe sijui yuko wapi. Angegongwa na gari kule barabarani ningejuaje?"

"Yuko kwa dada yangu wa tumbo moja, mama. Sikumtupa. Nimempeleka nyumbani."

"Nyumbani ni hapa. Mtoto wa kambo haombwi. Nilikusomea, nikakwambia hata kwa ndugu, na ulisema umeelewa."

"Nilisema hivyo."

Akamgeukia mke wangu. "Bibi, na wewe ulijua?"

Mke wangu hakuacha kuosha. "Nilijua," akasema. Hakusema kwamba alikataa. Mimi pia sikumsemea. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno hilo moja nikaliacha lipite, na maji yalikuwa yanapita kwenye karo yakiwa mekundu kwa udongo.

Ofisa alizungumza na wenzake wa wilaya ile, ikapangwa siku ya kwenda wote. Akatuambia jambo la kwanza ni kuona hali ya mtoto, na kama yeye mwenyewe anataka, arudi Mamba siku hiyohiyo. Mke wangu akatoa godoro juani. Akaloweka maharage. Magoti yalikuwa yanamsumbua, hakuweza safari, lakini alinipa sweta la kumpelekea mtoto kwa sababu kupanda mlima jioni kuna baridi.

Lembeni jua ni kali na upepo haupoi. Nyumba ya dada iko nyuma kidogo ya maduka, malori yanasikika mchana kutwa. Nilimkuta mtoto anaandika kwenye daftari kwenye kibaraza. Alikuwa amerefuka. Alisimama akanisalimia, akanichotea maji ya kunywa, akayaleta juu ya sahani, kikombe kikiwa kimefunikwa.

Ofisa alimchukua nyuma ya nyumba wakazungumza peke yao. Dada yangu alikaa karibu nami akifinya leso.

"Kaka, watanifunga?"

"Hawakufungi."

"Sijampiga hata kofi. Mwulize. Analala kitanda cha marehemu, mimi nalala chini. Anaongoza hesabu darasani. Mwulize."

"Nimesikia, dada."

"Wewe ndiye ulinipa."

"Mimi ndiye."

Waliporudi, ofisa alimweka mtoto akae kwenye kigoda, naye akachuchumaa pembeni yake. Akasema, "Nimemwuliza anataka kuishi wapi. Nataka aseme mwenyewe, ili mtu asije akasema maneno ni yangu."

Mtoto akasema, "Hapa."

Nilimsemesha kwa Kipare. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, si lake, wala hakuna aliyemfukuza. Kitanda chake kipo. Bibi yake ameanika godoro tangu asubuhi. Nikamwonyesha sweta.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu kwa Kiswahili. "Nimeelewa babu. Lakini sitaki kuhama tena. Nikirudi mtu mwingine atakuja kuniomba."

"Sitakubali tena."

"Ulikubali."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja siku ya leo ni siku gani. Dada yangu akaanza kulia kwa sauti, mtoto akamtazama kwa wasiwasi, akasogea akamshika bega. Mimi nilikuwa natazama lori la saruji linalojaribu kugeuza mbele ya maduka. Utingo alikuwa anapiga bodi kwa kiganja, rudi, rudi, rudi. Nilisubiri kusikia kitu ndani yangu. Nilisikia kiu tu, nikanywa yale maji.

Ofisa alinieleza taratibu. Kumhamisha mtoto mara nyingine, wakati mwenyewe hataki na hali yake ni nzuri, kungekuwa kumwongezea jeraha. Ofisi ya huko ingemkagua dada, na akifaa angeandikwa yeye kuwa mlezi. Sisi tungeondolewa. Kumtembelea naruhusiwa, ila nitoe taarifa kwanza. "Mzee, sikuchukii," akasema. "Lakini kwetu hatutaweza kukupa mtoto mwingine." Nikasema sikuwa na mpango wa kuomba mwingine. Sweta nililiacha pale kwenye kigoda ingawa Lembeni hakuna baridi.

Nilifika nyumbani jua likiwa limeshazama nyuma ya mlima. Mke wangu alisikia hatua za mtu mmoja, kwa hiyo sikuwa na haja ya kueleza mengi. Alikuwa ameweka sahani tatu. Aliondoa moja.

"Amesema hivyo yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Tulikula. Baadaye akauliza, "Ulimwambia kwamba mimi nilikataa?"

"Sikumwambia."

"Ungemwambia."

Hajaniambia neno jingine juu ya jambo hilo mpaka leo. Tunaishi vizuri. Tunasalimiana asubuhi, tunaombea chakula.

Nilitoa taarifa ofisini, nikaruhusiwa, nikarudi Lembeni kumwambia. Sikuwa na shughuli nyingine kule. Dada alikuwa ameshaandikwa, alinionyesha kwa fahari kitanda kipya cha chuma. Nilimsubiri mtoto atoke shule, tukakaa kibarazani.

"Nimekuja kukwambia jambo moja," nikasema. "Bibi yako wa mlimani alikataa usitolewe. Niliyekubali ni mimi peke yangu."

"Najua. Nilimsikia. Alisema mpaka mumwulize ofisa."

"Ndiyo."

Alikuwa anavua soksi za shule, akizikung'uta vumbi moja moja. "Na wewe ulisema mimi ni wa humu."

"Nilisema hivyo, na ndivyo ilivyokuwa."

"Nilifurahi," akasema. "Halafu ukasema achukuliwe."

Nilitaka kumweleza kwamba maneno hayo mawili yalikuwa neno moja, kwamba kwetu la pili ndilo uthibitisho wa la kwanza, kwamba mimi pia niliombwa na sikufa. Nilimtazama nikaona kwamba ana akili ya kunielewa kabisa, na kwamba akinielewa haitamsaidia kitu. Mimi nilipoombwa nilikuwa na mama ng'ambo ya bonde.

Alichukua ndoo akaenda bombani. Dada aliniletea chakula, nikala, akanisimulia habari za watoto wake wa Arusha. Mtoto alirudi, bega moja limelowa, akashusha ndoo, akaniona bado nimekaa palepale.

"Bado upo, babu?"

"Bado nipo."

"Gari la Mamba halikai sana Same. Utaachwa."

Nikasimama, nikatafuta kofia yangu. Alinisindikiza mpaka barabarani, akasimamisha gari kwa mkono, akaniambia nimsalimie bibi.